March Madness kwa mtu wa kwetu: jinsi ya kuifuatilia na kujaza braketi, mwanzo mpaka mwisho

Wakuu, kila ukifika mwezi wa tatu naulizwa maswali yale yale kwenye grupu letu la kikapu. Hii March Madness ni nini hasa, kwanini wamarekani wanakesha kwa ajili ya mpira wa wanafunzi wakati NBA wanayo, na ile chati ndefu yenye mistari, yani braketi, ambayo unabashiri mshindi wa kila mechi, inajazwaje. Nimeona niandike kila kitu sehemu moja ili mtu akianza leo hajui lolote, ikifika siku ya fainali awe anabishana kama mzoefu.

Na kuna jambo moja naomba ulishike kabla hatujaanza: braketi sio mkeka. Kwenye mkeka mechi moja ikichana imekula kwako yote. Kwenye braketi unakosea mechi 15, 20, na bado unaongoza grupu zima. Wengi wanashindwa kwa sababu wanaijaza kwa akili ya mkeka, tutafika huko.

HATUA YA 1: Elewa unachokiangalia

Haya ni mashindano ya mtoano ya kufunga msimu wa kikapu wa vyuo vikuu vya Marekani, daraja la kwanza, chini ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo kule. Yalianza 1939 na timu 8 tu, Oregon ikabeba kwa kuifunga Ohio State 46-33. Mwaka 1985 zikawa timu 64, na kuanzia 2011 zikawa 68. Ukipigwa mara moja tu umefungasha virago, hakuna marudiano wala hakuna "best of seven" kama NBA, dakika 40 zinaamua msimu mzima. Na wengine ndo mechi yao ya mwisho ya maana maishani maana wachezaji wengi wa chuo hawafiki NBA, wakimaliza hapo wanaenda kuwa wahasibu na walimu. Ndio maana unaona kijana mrefu kama mnazi amejifunika taulo kichwani analia. Mimi hicho ndicho kilichonishika, sio ufundi, ufundi NBA wanao zaidi.

Na sisi watu wa huku tuna watu wetu mle. Hasheem Thabeet, kijana wa Dar, 2009 alikuwa senta wa UConn (chuo kikuu cha Connecticut), timu namba 1 ya kanda ya Magharibi, wakafika mpaka Final Four, yani nusu fainali ya timu nne za mwisho, pale Ford Field, Detroit wakatolewa na Michigan State 82-73, miezi michache baadae akachukuliwa namba 2 kwenye drafti ya NBA. Oscar Tshiebwe wa Lubumbashi, 2022 alikuwa mchezaji bora wa vyuo wa nchi nzima akiwa Kentucky. Khaman Maluach, mzaliwa wa Sudan Kusini aliyekulia Uganda na kujifunzia kikapu huko huko, alifika Final Four ya 2025 na Duke. Marehemu Dikembe Mutombo wa Kinshasa alipitia Georgetown.

Hizo timu 68 zinapatikana kwa njia mbili. Kila ligi ya vyuo (wao wanaita konferensi) inatoa bingwa wake anaingia moja kwa moja, hata kama ni kachuo kadogo hakuna anayekajua. Msimu wa 2025 walikuwa 31 wa namna hiyo. Zilizobaki 37 zinachaguliwa na kamati ya watu 12. Halafu timu zinagawanywa kanda nne, Mashariki, Magharibi, Kusini na Midwest, na kila kanda timu zinapewa namba 1 mpaka 16. Namba 1 anakutana na 16, namba 2 na 15, hivyo hivyo mpaka 8 na 9 ambao wako karibu sawa. Majina ya kanda yasikuchanganye, timu ya Florida unaweza kuikuta Magharibi, jina ni la mji utakaochezwa hatua za mbele tu.

HATUA YA 2: Geuza saa

Hapa ndo watu wanapotea kuliko sehemu yoyote. Ratiba zote zinaandikwa kwa saa za mashariki ya Marekani, New York pale. Mwezi wa tatu wao wanasogeza saa mbele kabla mashindano hayajaanza, kwa iyo Afrika Mashariki tunakuwa mbele yao saa 7 na sio 8 kama miezi ya baridi.

Sasa nikupe njia rahisi ambayo natumia mimi. Kwa kuwa saa zetu za Kiswahili zinahesabiwa tofauti kwa 6, wewe chukua namba ya ratiba yao ongeza 1, basi. Wao wakiandika 12:15 mchana, kwetu ni saa 1 na robo usiku. Wakiandika 9 usiku, kwetu ni saa 10 alfajiri ya siku inayofuata. Kwa waliopo Bujumbura, Kigali au Lubumbashi ndo rahisi zaidi, namba inabaki ile ile, 12:15 yao ni saa 12 na robo jioni. Muscat ongeza 2. London kuweni makini, tofauti ni saa 4 mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi wa tatu halafu inarudi 5, maana Uingereza wanachelewa kusogeza saa zao.

Kwa iyo wiki kwa saa za Dar, Nairobi na Kampala inakwenda hivi. Jumapili ya Uteuzi, siku timu zinatangazwa, ni kama saa 7 usiku wa kuamkia Jumatatu. Mechi za mchujo za kupunguza timu 68 zibaki 64, pale Dayton, Ohio, zinachezwa usiku wa kuamkia Jumatano na Alhamisi. Halafu Alhamisi na Ijumaa ndo moto wenyewe, mechi 16 kila siku, kuanzia saa 1 na robo usiku mpaka kumekucha. Hizi siku mbili ndo tamu kuliko fainali, niamini. Jumamosi na Jumapili zinabaki timu 16. Wiki ya pili kuanzia Alhamisi mpaka Jumapili zinabaki 4. Wiki ya tatu Final Four usiku wa kuamkia Jumapili, kama saa 7 na saa 10, na fainali alfajiri ya Jumanne kama saa 10.

Ushauri wangu, kama una kazi asubuhi usijaribu kuangalia zote. Alhamisi na Ijumaa za mwanzo angalia kuanzia saa 1 mpaka saa 5 au 6 usiku, hapo umeona mechi kama nane bila kuharibu usingizi. Ukiamka angalia matokeo. Ombea ruhusa siku moja tu, Jumanne ya fainali.

Na wanawake pia wana yao, timu 68 vile vile, na fainali yao miaka ya karibuni inachezwa Jumapili 3 mchana ya kule, kwetu saa 4 usiku, muda mzuri kabisa wa kukaa na familia. Msiidharau. Mwaka 2024 fainali ya wanawake, Iowa ya Caitlin Clark na South Carolina, iliangaliwa na watu wengi kuliko ya wanaume kule Marekani.

HATUA YA 3: Sehemu ya kuangalia

Kwa Marekani mechi za wanaume zipo CBS, TBS, TNT na truTV, za wanawake ESPN na ABC, na app rasmi inaitwa March Madness Live. Huku kwetu anza na ratiba ya chaneli za ESPN kwenye king'amuzi chako, angalia siku mbili kabla sio dakika za mwisho. Kama huna king'amuzi, chaneli rasmi ya March Madness YouTube inaweka vipande vya mechi, ni bando dogo tu na unapata kila kitu cha maana. Hizi linki za wizi zinazosambazwa mi sizipendekezi, zimeshaleta virusi kwenye simu ya jamaa yangu na mechi yenyewe ikakata dakika ya mwisho.

HATUA YA 4: Sheria ambazo zitakushangaza

Kama umezoea ligi zetu za FIBA au NBA, kuna vitu vitakuchanganya. Wanaume wanacheza nusu mbili za dakika 20, sio robo nne. Wanawake ndo wanacheza robo nne za dakika 10. Muda wa shambulizi ni sekunde 30. Fauli tano umetoka. Wachezaji wawili wakishikilia mpira kwa pamoja hawarushiwi juu, kuna mshale mezani unaonyesha zamu ya nani.

Lakini kubwa kuliko zote ni mitupo huru ya wanaume. Timu ikifikisha fauli 7 kwenye nusu, mpinzani anapewa mtupo mmoja, akifunga ndo anaongezwa wa pili, akikosa mpira uko hewani mnagombania. Zikifika 10 ndo anapewa miwili moja kwa moja. Sasa fikiria sekunde 20 zimebaki, mnaongoza kwa pointi 2, kijana wa miaka 19 yupo mstarini, uwanja mzima unapiga kelele, na akikosa ule wa kwanza hana wa pili. Mechi nyingi zinageuka hapo, kwa iyo unapochagua timu angalia inafunga mitupo huru kwa asilimia ngapi, ni takwimu rahisi kuipata na watu wengi wanairuka.

HATUA YA 5: Jumatatu baada ya uteuzi, soma kabla ya kujaza

Una kama siku tatu. Braketi zinafungwa mechi ya kwanza ya Alhamisi ikianza, maana yake Alhamisi saa 1 na robo usiku kwetu. Mechi za Dayton kwa kawaida hazihesabiwi kwenye braketi, wewe unahangaika na timu 64 na mechi 63. Kumekuwa na maneno ya muda mrefu ya kuongeza timu, ukikuta wameongeza mechi za mchujo usibabaike, njia ya kujaza ni ile ile.

Usijaribu kuijua kila timu, haiwezekani. Jua vizuri kama 12 za juu. Kwa kila moja uliza mambo matatu.

Kwanza, nani mgonjwa? Hili ni muhimu kuliko yote. Mwaka 2014 Kansas walikuwa namba 2 na walikuwa na Joel Embiid wa Cameroon, mgongo ukamweka nje, wakatolewa na Stanford namba 10 kwa 60-57. Mwaka 2018 Virginia walimkosa De'Andre Hunter aliyeumia mkono siku chache kabla, wakapigwa na UMBC 74-54, mara ya kwanza kabisa namba 16 kumtoa namba 1 upande wa wanaume. Takwimu za msimu mzima hazikuambii kwamba senta hayupo wiki hii, habari za siku mbili za mwisho ndo zinakuambia.

Pili, imewafunga nani? Kuna mfumo wa NCAA unaitwa NET unaopanga timu zote, na kila ushindi unawekwa kwenye fungu. Fungu la kwanza ni kumfunga mtu wa nafasi ya 1 mpaka 30 kwenye NET ukiwa kwako, au 1 mpaka 50 uwanja huru, au 1 mpaka 75 kwake. Timu yenye rekodi ya kupendeza ya ushindi 28 ila wa fungu la kwanza ni mmoja tu, iangalie kwa jicho kali.

Tatu, inashambulia na kulinda kwa kiwango gani? Tovuti ya Ken Pomeroy, wao wanaiita KenPom, inapima timu inafunga pointi ngapi kwa kila umiliki 100 na inafungwa ngapi, baada ya kurekebisha ubora wa wapinzani. Bingwa huwa yuko juu pande zote mbili. Timu inayofunga sana ila difensi iko chini, ipe mechi mbili tatu, usiipe kombe.

Na usitegemee majina ya mwaka jana. Siku hizi wachezaji wanahama vyuo kila msimu, timu uliyoipenda juzi leo inaweza kuwa na watu wapya watupu.

HATUA YA 6: Kujaza, na unaanzia mwisho

Hapa ndo penye moyo wa mwongozo wote. Angalia pointi zinavyogawanywa kwenye braketi ya ESPN ambayo watu wengi wanaitumia: raundi ya kwanza kila mechi pointi 10, ya pili 20, halafu 40, 80, 160, na bingwa 320. Sasa piga hesabu. Raundi ya kwanza ina mechi 32, ukizipata ZOTE una 320. Yani kumpata bingwa peke yake ni sawa na kupatia mechi zote 32 za mwanzo, kitu ambacho hakuna mtu unayemfahamu amewahi kukifanya. Na bado watu wanamaliza siku tatu wanabishana mechi ya namba 7 na 10 halafu bingwa wanamchagua kwa sekunde moja kwa sababu ya rangi ya jezi.

Kwa iyo anza na bingwa. Kuanzia 1985 mpaka 2025 yamechezwa mashindano 40 (2020 yalifutwa kwa korona), na namba 1 wamebeba mara 26. Namba 8 amebeba mara moja tu, Villanova 1985 walipoifunga Georgetown 66-64. Namba 5 hajawahi kabisa mpaka 2025. Basi bingwa wako atoke kwenye zile namba 1 nne, au namba 2 au 3 kama una sababu ya maana. Mwandike katikati ya chati, halafu rudi nyuma ukimpitisha kila hatua.

Kisha jaza Final Four. Namba 1 wote wanne kufika pamoja imetokea mara mbili tu, 2008 na 2025, kwa iyo usiweke wanne wote. Weka wawili, mmoja namba 2 au 3, na mmoja wa chini kidogo unayemuamini. Namba 11 wameshafika Final Four mara sita, wakiwemo Loyola Chicago 2018 na NC State 2024, lakini sita kwa miaka 40 sio kitu cha kuwekea 80 zako.

Halafu sasa ndo unashuka raundi ya kwanza kucheza na maajabu, kwa sababu huko kukosea ni pointi 10 tu. Namba 1 wapitishe wote wanne. Wamepoteza mechi 2 kati ya 160, ya Virginia niliyoisema na ya Purdue 2023 mbele ya Fairleigh Dickinson, 63-58. Namba 15 wameshinda 11 kati ya 160, usiguse. Namba 13 anashinda kama mechi moja kwa tano, chagua mmoja kama moyo unakutuma. Namba 12 juu ya namba 5 ndo penye asali, wanashinda kama mechi moja kati ya tatu, na kwa hiyo miaka 40 ni sita tu ambayo hakuna namba 12 aliyepita. 2025 walipita wawili, McNeese na Colorado State. Chagua mmoja au wawili, tafuta yule mwenye walinzi wazoefu wa mwaka wa nne wanaopiga tatu vizuri. Mechi za 6 na 11, 7 na 10, mdogo anashinda karibu 4 kwa 10. Ya 8 na 9 ni shilingi, chagua haraka usonge mbele maana anayeshinda anakutana na namba 1.

Kitu kingine: uwanja. Mechi zote ni uwanja huru kwa jina tu, ila namba za juu hupangwa karibu na kwao. Ukiona namba 4 anacheza mwendo wa saa moja kutoka chuoni kwake, huyo ana uwanja wa nyumbani.

Na usimchague mtu kwa mapenzi tu. 2022 niliweka Kentucky kuwa bingwa kwa sababu ya Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, nilitaka sana abebe. Usiku wa raundi ya kwanza Saint Peter's, namba 15, kachuo ka Jersey City, wakawatoa 85-79 muda wa nyongeza. Tshiebwe alifunga 30 na rebaundi 16, alifanya kila kitu. Pointi zangu 320 ziliondoka usiku wa kwanza na grupu sikurudi juu tena. Saint Peter's wakaenda mpaka robo fainali, na mpaka leo naamini ndo safari nzuri kuliko zote nilizoziona. Mapenzi yaweke kwenye kushangilia, kwenye chati weka sababu.

Kupatia yote 63 sahau. Kwa kubahatisha tu ni nafasi moja kati ya trilioni milioni 9 na ushee, na rekodi iliyothibitishwa ni mtu mmoja wa Ohio aliyepatia mechi 49 mfululizo 2019.

HATUA YA 7: Ligi ya grupu

Tengeneza grupu kwenye app ya ESPN ya Tournament Challenge, tuma linki WhatsApp Jumatatu asubuhi, kumbusha Jumatano, na kumbusha tena Alhamisi mchana maana kuna watu wawili watatu lazima wasahau. Kila mtu braketi moja tu, ukiruhusu tano tano mchezo unakufa. Wakilingana pointi, aliyekaribia jumla ya pointi za fainali ndo anashinda, muandikishe hiyo namba mapema. Kuhusu pesa, sisi tunachanga hela ya nyama choma, mshindi halipi, na inatosha kabisa.

Kama uko Marekani nenda uwanjani mara moja hata kwa raundi ya kwanza. Tiketi inauzwa kwa kipindi, kipindi kimoja mechi mbili, halafu wanatoa watu nje kabla ya kipindi kingine, kwa iyo soma vizuri umenunua cha mchana au cha usiku. Begi liwe dogo na la plastiki ya kuonyesha. Kwa wanaopanga mbali, Final Four ya 2027 imewekwa Ford Field, Detroit, tarehe 3 na 5 Aprili, uwanja ule ule alipochezea Thabeet 2009.